Kuikinga karavani na baridi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kwenye karavani nchini Uingereza kuanzia Novemba hadi Machi: mfanyakazi wa shambani aliyepewa karavani na mwajiri, familia inayosubiri nyumba, fundi anayelala karibu na kazi, au aliyeikimbia kodi ya mjini mpaka akiba isimame. Nachukulia kwamba karavani si yako, au ni yako lakini ni ya zamani na huna fedha za kuifumua. Kwa hiyo kila nitakachoeleza kinafungwa kwa mkono na kufunguliwa kwa mkono, na baridi ikiisha kinatoka bila kuacha alama ukutani.

Kabla hujanunua chochote, shika jambo hili: ndani ya karavani, baridi na unyevu haviachani. Anayepambana na baridi peke yake huziba kila tundu, huwasha hita kutwa nzima, na kwa siku chache huona nafuu. Halafu madirisha yanaanza kuchuruzika, godoro linalowa upande wa chini, mashati kabatini yanaota ukungu mweusi, na akipanda kitandani usiku anahisi baridi kali kuliko ile aliyoanza nayo. Ndiyo maana kazi hii ina utaratibu wake. Kata upepo kwanza. Toa unyevu. Kisha vika madirisha na sakafu. Hita ije mwisho, na hapo hata ndogo itatosha.

Jua pia unaishi kwenye nini. Ukuta wa karavani ya kukokotwa na gari kwa kawaida ni bati jembamba la alumini kwa nje, polistirini ya takriban sentimita mbili na nusu katikati, na plaiwudi nyembamba kwa ndani. Zile ndefu za kukaa mahali pamoja, zinazopangwa kwenye viwanja vya likizo na pembeni mwa mashamba, nyingi zilitengenezwa zitumike kiangazi. Tafuta kibao chake au kitabu chake. Ukikuta BS 3632, hicho ni kiwango cha nyumba za kuishi mwaka mzima na kazi yako itakuwa nyepesi; EN 1647 ni karavani ya likizo. Kwa zile za kukokotwa, kiwango cha EN 1645 kina madaraja matatu: ya daraja la tatu huweza kufikia nyuzi 20 ndani hata nje kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya daraja la pili hufikia hapo nje kukiwa sifuri. Isiyo na kibao wala kitabu ihesabu kuwa dhaifu.

Upepo, na matundu yasiyozibwa

Subiri siku ya upepo mkali. Lowesha mkono, kisha upitishe taratibu kandokando ya mlango, kwenye fremu za madirisha, chini ya makochi, nyuma ya choo, na pale mabomba yanapopenya sakafu chini ya sinki. Mkono uliolowa huhisi hata pumzi ndogo ya hewa. Kila unapohisi baridi, bandika kipande cha tepu kiwe alama. Watu hutegemea kukuta shida yote dirishani, lakini mara nyingi upepo mkubwa unaingia kupitia makabati ya chini na matundu ya mabomba, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Mlangoni bandika utepe wa sponji wenye gundi, ule unaouzwa kwa mikunjo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Futa fremu kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, uiache ikauke kabisa, la sivyo utepe utabanduka baada ya siku tatu. Kwa ndani tundika pazia zito linaloburuza sakafuni; blanketi kuukuu kwenye fimbo ya kubana linafanya kazi hiyo vizuri. Kwenye nafasi zinazozunguka mabomba shindilia kwanza stilwaya ya kusugulia sufuria, halafu sponji. Hiyo waya ni kwa ajili ya panya, ambao shambani huanza kutafuta pa kulala mara tu mavuno yakiisha.

Sasa sikiliza kwa makini. Karavani ina matundu ya aina mbili: yaliyotokea kwa uchakavu, na yaliyowekwa na mtengenezaji kwa makusudi. Ya pili utayatambua kwa wavu au kifuniko chenye mianya: sakafuni karibu na jiko, chini ya mlango, juu darini, na kando ya hita ya gesi. Hayo usiyazibe hata usiku wa barafu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja huzama chini na kutokea kwenye matundu ya sakafuni, na ukiyaziba inakusanyika chini ya makochi ikisubiri cheche. Matundu ya juu yanatoa hewa chafu na mvuke. Kama tundu la sakafuni linapitisha upepo mwingi, upunguze upepo kule nje, chini ya karavani, kwa kusimamisha ubao mbali kidogo na tundu. Tundu lenyewe liache wazi.

Waliokulia Pwani wana tabia njema hapa. Nyumba ya Tanga au Lamu imejengwa ipitishe hewa, na mwenyeji wake hajisikii salama kwenye chumba kisichopumua. Tabia hiyo usiiache uwanja wa ndege. Wanaohitaji kuonywa zaidi ni wa nyanda za juu. Njombe, Makete, Limuru, kunakoanguka sakitu au kunakokaribia hapo mwezi wa Julai, jiko la mkaa huingizwa ndani usiku ili chumba kipate joto, na kila msimu zinasikika habari za familia ambazo hazikuamka. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Karavani imefungwa zaidi kuliko chumba cha kule, na inajaa haraka zaidi. Jiko la mkaa lisivuke mlango, hata likiwa limebaki majivu yenye moto kidogo tu. Vilevile vile visahani vya bati vya kuchomea nyama vinavyouzwa supamaketi, na jenereta iliyowekwa chini ya dirisha. Jiko la gesi la kupikia ni la kupikia. Usiliwashe kama hita.

Nunua king'ora cha kaboni monoksidi chenye namba EN 50291-2, ambacho kimetengenezwa mahususi kwa karavani na boti, pamoja na king'ora cha moshi. Vijaribu kwa kubonyeza kitufe kila wiki. Kichwa kikiuma, ukasikia kizunguzungu au kichefuchefu, na ukitoka nje unapata nafuu, usirudi kulala: zima gesi, fungua milango, toa kila mtu, piga 999. Na kama unapanga, mwenye karavani anatakiwa na sheria kukagulisha vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12 kwa fundi aliyesajiliwa kwenye orodha ya Gas Safe, na kukupa nakala ya cheti. Omba cheti hicho bila kuona haya.

Unyevu unatoka kwako

Watu wawili wakilala kwa saa nane hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya nusu lita ya maji. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa maji zaidi ya lita moja na nusu, na yote hubaki hewani ndani kama moto hauna bomba la kutolea nje. Mzigo mmoja wa nguo mbichi zilizoanikwa juu ya makochi huongeza lita mbili hivi. Maji hayo hayapotei. Yanatafuta mahali penye baridi kuliko pote na kutulia hapo. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Kioo kimoja kitupu, nje kukiwa sifuri, huwa na nyuzi tano au sita tu upande wa ndani. Ndiyo sababu kinalia kila asubuhi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kukausha. Sufuria iwe na mfuniko tangu maji ya ugali yanapowekwa, na dirisha la jikoni liwe wazi upana wa vidole viwili mpaka umalize kupika na kuosha vyombo. Maharage na makande ya kuchemka nusu siku yapikie nje au kwenye jiko la pamoja kama lipo, au tumia presha kuka. Chai ichemshwe mara moja na kuwekwa kwenye chupa. Nguo peleka kwenye mashine za kukaushia. Hita za gesi zinazohamishika, zenye mtungi mgongoni na zisizo na bomba la kutolea moshi nje, sizipendekezi kabisa: zinakupa joto kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, na hatari yake nimeshaieleza.

Kila asubuhi, kabla ya chai, futa vioo kwa kitambaa na kukikamua nje. Halafu fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika tano hadi kumi. Najua inaonekana ni kutupa joto la usiku mzima, lakini hewa ya nje yenye baridi hubeba maji machache mno, na ikiingia na kupashwa inakuwa kavu. Kuta na makochi hubaki na joto lake, na ndani ya muda mfupi karavani inarudi ilipokuwa, ikiwa kavu zaidi.

Kama una umeme wa kutosha na fedha kidogo, mashine ya kunyonya unyevu ni ununuzi bora kuliko hita ya pili. Ziko za aina mbili. Zenye kompresa, zinazofanya kazi kama friji, huzembea kwenye chumba baridi. Zenye gurudumu la kukaushia ndani, zinazoitwa desikanti, huendelea kunyonya hata karibu na sifuri, na hutoa joto kidogo kama faida ya pembeni. Karavani ichukue ya pili. Vile vikopo vya chumvi ya kunyonya maji vinafaa kabatini na chini ya kitanda, lakini kwa chumba kizima havitoshi.

Madirisha

Hapa ndipo joto lako jingi linapopotea, na hapa ndipo kazi ya mikono inapolipa. Kioo kimoja chenye ukubwa wa mita moja ya mraba, ndani nyuzi 20 na nje sifuri, hupitisha zaidi ya wati 100 mfululizo. Karavani ndefu yenye vioo vya mita sita za mraba inapoteza kupitia hapo tu zaidi ya nusu ya nguvu ya hita ya kilowati moja. Ukiweka safu ya pili inayofunga hewa iliyotulia katikati, hasara hiyo hupungua karibu nusu. Kinachozuia joto ni hiyo hewa isiyotembea. Plastiki, sponji, kitambaa, vyote kazi yao ni kuishikilia mahali pake.

Tambua kwanza dirisha lako. Karavani ndefu za zamani zina kioo halisi, kimoja, kwenye fremu ya alumini. Za kukokotwa zina plastiki ngumu ya akriliki, mara nyingi tabaka mbili. Akriliki haipendi joto kali wala viyeyushi: ukiipulizia mashine ya nywele kwa karibu itapinda, na gundi au spiriti isiyofaa huiachia nyufa ndogondogo zisizotoka. Kwenye akriliki usibandike chochote juu ya plastiki yenyewe. Bandika kwenye ukuta unaozunguka.

Kwa kioo halisi, nailoni nyembamba ya dirishani ni njia ya bei nafuu na haizuii mwanga. Inauzwa ikiwa na tepu ya gundi pande mbili. Kausha fremu, bandika tepu kuzunguka pande zote nne za fremu ya ndani, kata nailoni ikizidi kila upande kwa upana wa vidole viwili, kisha anza kuibandika juu na kushuka, ukiivuta kidogo bila kuinyoosha sana. Itakuwa na mikunjo, usihangaike nayo. Pitisha mashine ya kukaushia nywele kwa umbali wa shubiri moja, kutoka pembeni kuelekea katikati, na mikunjo itajivuta mpaka nailoni iwe ngumu na kung'aa. Nafasi kati yake na kioo iwe sentimita moja mpaka mbili. Fanya kazi hii siku kavu baada ya kupitisha hewa ndani, maana unyevu utakaoufungia humo utakaa humo. Na bakiza dirisha moja au mawili usiyoyabandika kabisa: la kupitisha hewa, na la kutokea moto ukiwaka.

Usiku unahitaji kitu kizito zaidi, na hapo mimi huchagua vibao laini vya kuchomeka, ambavyo mtu anavitengeneza mwenyewe kwa jioni moja. Chukua mkeka wa sponji wa kupigia kambi, ule mgumu kidogo usionyonya maji, au plastiki yenye vipovu iliyofunikwa foili. Bandika gazeti kwenye dirisha, lichore kwa kufuata ukingo wa ndani wa fremu, likate, ulijaribu tena mpaka likae sawasawa. Weka gazeti juu ya sponji na ukate kwa kisu kikali, ukiongeza karibu nusu sentimita kila upande. Hiyo ziada ndiyo inayokifanya kibao kijibane chenyewe bila gundi wala msumari. Pembe za dirisha la karavani zimepindwa, kwa hiyo zikate kwa uangalifu. Pembe iliyokatwa vibaya ni mlango wa hewa. Andika kila kibao jina la dirisha lake na mshale wa upande wa juu, maana saa mbili usiku ukiwa umechoka vyote vinafanana. Shona kipande cha khanga au kitenge upande unaokutazama, chumba kitabaki chumba cha watu.

Foili yenyewe inafanya kazi kwa kurudisha joto linalong'aa kutoka mwilini na kwenye hita, lakini inahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Ikigandamizwa kwenye kioo au kufunikwa na kitambaa haisaidii zaidi ya plastiki ya kawaida. Usilipie bei kubwa kwa sababu ya kung'aa kwake.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukikinga dirisha kwa ndani, kioo chenyewe kinakuwa baridi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu joto la chumba halikifikii tena. Mvuke wowote utakaopenya pembeni utageuka maji hapo nyuma. Basi kingo za kibao zibane kweli, na kila asubuhi kitoe, futa kioo, kiegeshe kibao mahali kikauke. Vibao vinavyoachwa dirishani wiki nzima huota ukungu nyuma yake, na ukungu huo utaukuta umeshahamia kwenye pazia. Ukiweza kukinga kwa nje, kwa shuka nene la fedha linalofungwa kwa kamba na kulabu, kioo hubaki na joto na hakitoi jasho. Ila lifunge imara, upepo wa Februari hauchezewi. Mchana jua likitoka, hata kama ni la muda wa saa tatu tu, ondoa vibao vya upande wa kusini. Jua la chini la majira ya baridi huingia ndani sana, na joto lake ni la bure.

Sakafu, kuta na dari

Sakafu ya karavani ina upepo chini yake, na miguu ndiyo inayokupa hisia ya baridi ya mwili mzima. Tandika mikeka ya sponji ya kuunganishwa, ile inayouzwa kwa vyumba vya watoto, na juu yake zulia. Usifunike tundu la sakafuni. Kata zulia lipite kandokando yake. Chini ya karavani, zungusha mbao au turubai nzito upande unakotoka upepo. Uingereza upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, lakini ule unaokata mifupa hutoka mashariki, kwa hiyo kama mbao hazitoshi pande zote, zipe pande hizo mbili kwanza. Acha mianya ili unyevu na gesi vipate pa kutokea. Shambani utashawishika kutumia marobota ya majani makavu. Yanakinga vizuri, lakini yanaalika panya na yanashika moto, na mimi nisingelala juu yake.

Kuta haziwezi kufanyiwa mengi kwa njia ya muda. Makochi yasogeze kidogo yasigandame ukutani, na nyuma ya mito weka karatasi ngumu yenye mawimbi ili hewa ipite. Polistirini tupu usiibandike ukutani wala darini karibu na jiko au hita: ikishika moto inatoa moshi mweusi wenye sumu, na karavani huungua kwa dakika chache.

Kuliko kuhangaika na kuta zote, gawa karavani. Funga vyumba vya mwisho, tundika pazia zito katikati, na uamue kwamba kuanzia Desemba unaishi kwenye nusu moja. Hewa kidogo ni joto nafuu. Vile vyumba ulivyofunga vipitishie hewa kila asubuhi kama vingine.

Kitanda

Kitanda cha karavani mara nyingi ni godoro la sponji juu ya ubao, na chini ya ubao kuna sanduku la kuhifadhia vitu lenye hewa ya nje. Joto na jasho la mwili hushuka kupitia sponji na kukutana na ubao wa baridi. Ukiinua godoro asubuhi utakuta doa la maji lenye umbo la mtu aliyelala. Dawa yake ni kuliinua godoro kutoka kwenye ubao. Chaga za kitanda zinatosha. Zikikosekana, yako matandiko ya nyuzi za plastiki yanayouzwa kwa boti na karavani, yanayoacha hewa ipite. Mkeka wa ukindu ni mwembamba mno kwa kazi hiyo. Kila unapoamka, simamisha godoro liegemee ukutani mpaka uondoke kwenda kazini, na sanduku la chini usilijaze nguo.

Blanketi moja liwe chini yako, siyo yote juu, kwa maana sponji iliyogandamizwa na uzito wa mwili haikingi sana. Lala na soksi kavu na kofia. Chupa ya mpira ya maji moto ni rafiki mkubwa: usitie maji yanayotokota, toa hewa kabla ya kufunga, na angalia ua dogo lililochapwa kwenye mpira, ambalo katikati yake pana tarakimu za mwaka wa kutengenezwa, ikipita miaka miwili ibadilishe. Blanketi la umeme hutumia umeme kidogo kuliko hita yoyote, kwa sababu linapasha mtu badala ya chumba. Lisikunjwe likiwa linawaka, na lisikutane na chupa ya maji.

Umeme na gesi

Sasa hita. Ya umeme yoyote ya kilowati moja hutoa joto la kilowati moja, iwe ya bei ya chini au ya kifahari, kwa hiyo chagua kwa usalama. Ile ya mafuta yenye mapezi inafaa kulala nayo, kwani haina waya mwekundu wala feni na hushikilia joto kwa muda baada ya kuzimwa. Fahamu pia kiasi cha umeme ulichopewa. Viwanja vingi hutoa ampea 16, vingine 10 au hata 6. Kwa ampea 10 una wati 2,300 tu: hita ya wati 2,000 na birika havikai pamoja, umeme utakatika. Ekstensheni ikunjue yote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu waya uliozungushwa huku unabeba mzigo huchemka mpaka kuyeyuka. Hita ikae mbali na mapazia na vibao vya dirisha.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyuzi 18 ndani ya nyumba, na zaidi kwa watoto wachanga na wazee. Nunua kipimajoto cha bei rahisi kinachoonyesha pia unyevu, kitundike mbali na hita, uamini kinachosema. Unyevu ukibaki kati ya asilimia 40 na 60, uko salama. Ukipanda zaidi ya 70 siku nzima, rudi kwenye madirisha na sufuria kabla hujaongeza moto.

Wanaotumia gesi wakumbuke kwamba butani, ambayo Uingereza huuzwa sana kwenye mitungi ya buluu, inaacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri. Asubuhi ya barafu mtungi umejaa na jiko haliwaki. Propani, ya mitungi myekundu, hufanya kazi mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Badilisha mwezi wa Oktoba, na kwa kuwa viunganishi vyake na wakati mwingine regulata ni tofauti, mwache fundi wa Gas Safe afanye kazi hiyo. Mtungi usiuingize ndani ili upate joto, wala usiupashe kwa moto au maji moto.

Maji

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mabomba mengi ya karavani hayavumilii hilo. Mwanzoni mwa Machi 2018, baada ya baridi kali iliyotoka mashariki, mabomba yalipasuka sehemu nyingi za nchi barafu ilipoanza kuyeyuka. Kwenye karavani uharibifu huo unaweza kutokea usiku mmoja. Vika mabomba yote yaliyo chini ya karavani neli za sponji zenye mpasuo, zifunge kwa vibanio kila shubiri mbili, na viungo na koki za nje uvifunge mara mbili kisha uvifunike na plastiki isiyopitisha mvua. Sponji iliyolowa haikingi chochote. Usiku ukitabiriwa chini ya sifuri, jaza ndoo na birika kabla ya kulala. Ukisafiri, funga koki kuu, fungua bomba zote za ndani, na utoe maji yote kwenye tanki na kichemshio.

Bomba likishaganda, fungua koki yake, kisha lifunge vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya uvuguvugu, ukianzia upande wa koki hiyo na kurudi nyuma. Usitumie moto wa aina yoyote. Kaa hapo hapo mpaka maji yatoke, huku koki kuu ikiwa karibu na mkono wako, kwa sababu ufa hauonekani mpaka barafu iyeyuke.

Ukifika mwezi wa Aprili, vua vitu kwa utaratibu ule ule uliotumia kuvivika. Nailoni ibandue polepole baada ya kuilainisha gundi kwa mashine ya nywele kutoka mbali, na mabaki ya gundi uyafute kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu. Vibao vioshe, vianike juani pande zote mbili, vifunge pamoja vikiwa na majina yake, na vihifadhi mahali pakavu. Kisha vuta makochi yote, fungua masanduku ya chini ya kitanda, acha milango wazi kutwa nzima, na ukague pembe za sakafu kwa kidole gumba. Panapobonyea, maji yalikuwa yakiingia kutoka nje msimu wote. Mwonyeshe mwenye karavani mapema, fundi aifikie kabla ya Oktoba.